Kuomba chuo cha meno Marekani: nitume Juni bila DAT (mtihani wa kujiunga), nisubiri Agosti, au nisogeze mwaka mzima?

#1 Gego_Sita
Habari wakuu. Nipo mwaka wa tatu, digrii ya baiolojia, Minnesota. Nina grinikadi. GPA ya jumla 3.45, ya sayansi 3.3. Kemia ogania ya pili inaisha katikati ya Mei 2026, DAT bado. Lengo ni kuanza chuo cha meno Agosti 2027, maana yake naingia mzunguko unaofunguliwa Mei hii.

Naona njia tatu: (a) nitume maombi wiki ya kwanza ya Juni, DAT ije baadaye, (b) nifanye DAT Julai ndipo nitume kila kitu Agosti, (c) niache mzunguko huu, niombe Juni 2027. Wenye kuujua mfumo, ipi ina akili?

#2 Mzee_wa_Transkripti
Njia (a), wala usijiulize mara mbili. AADSAS, mfumo mmoja unaopokea maombi ya vyuo vya meno, hufunguliwa katikati ya Mei ili ujaze, na kutuma kunaruhusiwa siku za mwanzo za Juni. Vyuo vingi vinadahili kadiri maombi yanavyoingia, havisubiri siku ya mwisho ndipo vifungue mafaili. Chuo kinaweza kuandika kwamba mwisho ni Desemba au hata Februari, lakini kufikia hapo nafasi nyingi za usaili zimeshagawiwa. Anayefuata tarehe ya mwisho iliyoandikwa ni kama anayefika sherehe wakati sufuria zinaoshwa.

Uhakiki wa matokeo peke yake unakula wiki 4 hadi 6 kipindi cha foleni. Ukituma Agosti unatoka kwenye uhakiki mwishoni mwa Septemba.

#3 Usafi_Kinywani
Mzee, nusu ya maneno yako naikubali. Juni ni tarehe ya kutuma, sawa, ila kamati haisomi tarehe ya kutuma. Inasoma faili lililokamilika: uhakiki umepita, alama rasmi za DAT zimefika, barua za mapendekezo zimeingia, na fomu ya ziada ya chuo imelipiwa pale inapodaiwa. Kitu kimoja kikikosekana, vyuo vingi vinaliweka faili pembeni. Mtu anayetuma tarehe 2 Juni na DAT yake ikafika Oktoba, huyo ni mwombaji wa Oktoba.

Kwa hiyo mleta mada asiulize "nitume lini". Aulize faili litakamilika lini.

#4 Spana_Mkononi
@Gego_Sita umesahau njia (d), nayo ndiyo wengi wenye DAT ya kiangazi wanaitumia. Unatuma Juni kwa chuo KIMOJA tu. Uhakiki unafanywa mara moja kwa maombi yote, haujali umechagua vyuo vingapi. Unakaa kwenye foleni ya uhakiki huku unasoma DAT. Alama zikitoka, unaongeza vyuo vingine kulingana na ulichopata, na vinapokea faili ambalo tayari limehakikiwa.

Faida ya pili ni pesa. Chuo cha kwanza ni zaidi ya dola 250 na kila kinachoongezeka ni zaidi ya dola 100. Watu wanatuma vyuo 10 au 15 mwezi Juni, DAT inakuja mbaya Julai, na hela hairudi.

Masharti mawili. Hicho chuo kimoja kiwe unachokitaka kweli, si cha kujaribia. Na insha binafsi iwe imekamilika, kwa sababu ukishatuma huigusi tena. Herufi 4,500 pamoja na nafasi kati ya maneno, na vyuo vyote vinasoma hiyo hiyo. Ukiandika "ndoto yangu ni kusoma chuo fulani", vingine kumi vitasoma sentensi hiyo.

#5 Chura_Mweusi
Huku Bongo ukishapata PCB yako safi unaingia DDS Muhimbili miaka mitano, unatoka unang'oa meno. Nyie bado mnahesabu herufi za insha 😂

#6 Usafi_Kinywani
@Chura_Mweusi mitano na mwaka wa intenshipu. Marekani ni digrii ya kwanza kisha miaka minne ya DDS au DMD (digrii ni ile ile, jina tu linatofautiana kwa chuo). Hesabu ni minane kwa sita. Pacific kule San Francisco wanaimaliza ndani ya miaka mitatu, na wao huanza Julai, kwa hiyo anayekiweka kwenye orodha asipange safari ya Julai.

#7 Mzee_wa_Transkripti
Nakubali njia (d) ya Spana, ila kuna shimo ambalo wengi hutumbukia, nalo ni la mwezi huo huo wa Mei.

AADSAS inataka transkripti kutoka kila chuo cha Marekani ulichopata krediti. Kila chuo. Chuo cha jamii ulichosoma kozi moja ya kiangazi kimo, na zile krediti za chuo ulizochukua ukiwa bado sekondari zimo. Uhakiki hauanzi mpaka zote zimefika na ada imelipwa. Barua na DAT havizuii uhakiki, transkripti inazuia.

Sasa shimo lenyewe: mtu ana haraka, anaomba transkripti tarehe 10 Mei kabla alama za muhula hazijapandishwa. Halafu kwenye fomu anajaza alama anazozijua mwenyewe. Karatasi haina, fomu inayo. Mhakiki akiona hazilingani, maombi yanarudishwa urekebishe, hali inasomeka "Undelivered", na unarudi kwenye foleni. Wiki tatu zimeondoka kwa sababu ya kuwahi siku nne.

Subiri msajili apandishe alama, pakua transkripti isiyo rasmi, ujaze fomu ukiitazama hiyo mstari kwa mstari, ndipo uombe ile rasmi itumwe kielektroniki.

#8 Gego_Sita
Asanteni, hiyo ya transkripti sikuijua kabisa. Na nina D ya kemia mwaka wa kwanza, niliirudia nikapata B+. Chuo changu kilifuta ile D kwenye GPA. AADSAS nao wanaifuta?

#9 Mzee_wa_Transkripti
Hawafuti. Zote mbili zinaingia. Hiyo 3.45 uliyoandika ni ya chuo chako, ukihesabu kwa njia yao itashuka kidogo. Hesabu mapema, maana ndiyo namba kamati itakayoiona. Na kama una krediti za chuo chenye mfumo wa robo, kila moja inahesabiwa kama theluthi mbili ya krediti ya semesta.

#10 Bi_Kofia
Tuingie kwenye DAT yenyewe, maana ndiyo inayoshika kalenda nzima.

Sayansi ni maswali 100 kwa dakika 90: baiolojia 40, kemia ya jumla 30, ogania 30. Maumbo ni maswali 90 kwa dakika 60, aina sita, kila aina 15: tundu la kupitisha umbo, kuona umbo kwa juu-mbele-ubavuni, kupanga pembe, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu vibweta, na kukunja umbo bapa liwe boksi. Halafu ufahamu 50 kwa dakika 60, hesabu 40 kwa dakika 45. Pamoja na mapumziko ni kama saa tano za kukaa.

Mwenye ogania mbichi kichwani anahitaji wiki 8 hadi 10 za kusoma kwa nguvu. Mleta mada anamaliza ogania katikati ya Mei. Akianza wiki inayofuata, wiki ya tisa inaangukia katikati ya Julai. Alama rasmi huchukua wiki 3 hadi 4 kufika vyuoni. Faili linakamilika katikati ya Agosti, na kwa mtu wa hali yake hapo hajachelewa. Kumlazimisha akae mtihani mapema Juni akiwa na wiki tatu za maandalizi ni kumchoma.

Mambo ya kufanya Machi, si Julai: kuchukua DENTPIN (namba yako ya utambulisho), kuomba kibali cha mtihani, kushika siku kwenye kituo cha Prometric. Vituo vya miji mikubwa hujaa kiangazi, watu wanaendesha gari saa nne kufuata kiti. Kibali kina muda wa miezi sita, usikiombe Desemba kwa mtihani wa Julai.

Na unapojaza ile fomu ya kibali, chagua vyuo VYOTE unavyofikiria vitumiwe alama. Pale pale vimo ndani ya ada. Ukiongeza baadaye unalipia kila kimoja.

#11 Kidole_Kimoja
Akipata alama mbaya anarudia baada ya siku 90. Lenga 20 kwenda juu, chini ya hapo usitume.

#12 Bi_Kofia
@Kidole_Kimoja yote mawili ni ya zamani. Siku ni 60 sasa. Na ile skeli ya 1 hadi 30 imeondoka, tangu Machi 2025 alama ni 200 hadi 600 zinapanda kwa kumi kumi. Kurasa nyingi za vyuo na video za watu bado zinasema "20", ndiyo maana wanafunzi wanachanganyikiwa. Kuna jedwali la kulinganisha skeli mbili, walitumie hilo.

Tena angalia hesabu ya kurudia: mtihani 18 Julai, siku 60 zinaisha katikati ya Septemba, alama rasmi Oktoba. Kurudia kunaruhusiwa, lakini ndani ya mzunguko huo huo kunakufanya mwombaji wa Oktoba yule wa Usafi. Na ripoti inaonyesha majaribio manne ya mwisho pamoja na idadi ya mara ulizokaa. Huwezi kuificha ya kwanza.

#13 Kidole_Kimoja
Nimesahihishwa, nakaa kimya 🤐 Ila majibu ya vyuo ni tarehe 1 Desemba, hilo nina uhakika.

#14 Usafi_Kinywani
15 Desemba mkuu. Moja ilikuwa zamani. Leo huna bahati.

#15 Padri_wa_Namba
Niwaulize mnaosema "wahi, wahi". Mnajuaje kwamba kuwahi ndiko kunakowapa watu nafasi? Anayetuma Juni ni nani? Ni yule aliyefanya DAT mapema, ana barua zake, ana saa zaidi ya 100 za kukaa na daktari wa meno akitazama kazi, GPA haina makovu. Anayetuma Novemba ni yule aliyekuwa anahangaika. Ukilinganisha makundi haya mawili, bila shaka la Juni litaonekana bora. Ni mpangilio wa mtu unaofanya kazi, na tarehe ni dalili tu.

Mwenye faili dhaifu akilituma mapema, nalo litakataliwa mapema.

#16 Spana_Mkononi
Padri una hoja, lakini usiruke utaratibu wenyewe. Siku za usaili zina idadi. Chuo cha viti 80 au 100 kinapanga siku zake kuanzia Agosti au Septemba, kinajaza kutoka mafaili yaliyopo mezani. Kufikia Januari aliyechelewa anagombea mabaki na orodha ya kusubiri. Mwombaji yule yule, karatasi zile zile, Julai anapimwa dhidi ya viti 100, Desemba anapimwa dhidi ya viti vichache.

#17 Padri_wa_Namba
Na vyuo vinajua hivyo, ndiyo maana vingine vinabakiza siku za usaili za mwisho kwa ajili ya mafaili mazuri yanayochelewa. Kamati haina haja ya kujaza kiti na mtu wa kawaida mwezi Septemba wakati inajua wazuri wengine wanakuja Oktoba.

#18 Ufizi_Mwekundu
Kuna sababu ya tatu hamjaigusa: pesa za ufadhili za ndani ya chuo. Waliokubaliwa Desemba ndio wanaokaa kwenye meza wakati zinagawiwa. Aliyetoka orodha ya kusubiri mwezi Mei anapata kiti, ufadhili umekwisha.

#19 Mwana_Dallas
Kwa walioko Texas msichanganywe na uzi huu. Mkazi wa Texas anaomba vyuo vya umma vya meno vya jimbo kupitia TMDSAS, mfumo wake wenyewe. Hufunguliwa tarehe 1 Mei, mapema kuliko AADSAS, na ada ni moja hata uchague vyote. Kwa sheria ya jimbo, walio nje ya Texas hawazidi asilimia 10 ya nafasi, kwa hiyo mkazi wa Texas asiyeanza na TMDSAS anaacha mlango wa nyumbani anapiga hodi kwa jirani. Wengi hujaza mifumo yote miwili, na fomu hazifanani, insha hazina urefu sawa. Tenga wiki ya ziada.

#20 Ufizi_Mwekundu
Halafu njia (c), ya kusogeza mwaka. Mnaijadili kama haina bei.

Kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa serikali ya Marekani uitwao Grad PLUS haupo tena kwa wakopaji wapya. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka kikomo kwa masomo ya kitaaluma kama haya: dola 50,000 kwa mwaka, dola 200,000 kwa jumla. Baadhi ya vyuo binafsi vya meno gharama ya mwaka ukiweka na makazi inapita 100,000. Pengo lote hilo ni mkopo wa benki, nao unataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Wazazi wetu wangapi hapa wanayo?

Kwa hiyo "lini" imeshikana na "wapi". Mwenye jimbo lenye chuo cha umma, na Minnesota kipo, akianze hicho hicho.

#21 Padri_wa_Namba
Lakini hilo linamkuta akiingia 2027 na akiingia 2028, sheria ni moja. Haliwezi kuwa sababu ya kukimbilia mzunguko huu. Likimwambia chochote, linamwambia asubiri: mwaka mmoja wa kazi, msaidizi wa daktari wa meno, akiba kidogo, ogania imekaa, DAT ya Machi badala ya Julai. Anaomba Juni 2027 na faili lililokamilika siku ile ile.

#22 Ufizi_Mwekundu
Na mshahara wa udaktari anaouchelewesha mwaka mzima? Huo nao uweke kwenye mizani. Kusubiri kuna maana kwa mwenye GPA ya 2.9 anayehitaji kozi za kuipandisha. Huyu wa 3.4 atapandisha nini?

#23 Mkenya_Mtulivu
Hamjambo. Swali la pembeni: dada yangu amemaliza BDS Chuo Kikuu cha Nairobi na anahamia Marekani kwa mumewe. Naye anafuata kalenda hii ya Juni?

#24 Usafi_Kinywani
Hapana ndugu. Yeye tayari ni daktari wa meno, asifanye DAT. Njia yake ni CAAPID, ya waliosomea nje, miaka miwili au mitatu kulingana na chuo, na hufunguliwa mapema zaidi, karibu na Machi. Vyuo vingi vinamtaka awe amefaulu INBDE kabla, mtihani wa siku mbili wenye maswali 500. Ili aruhusiwe kuukaa, vyeti vyake vinatakiwa kwanza vipite ECE, shirika linalotathmini vyeti vya nje.

Aanze na hilo leo akiwa bado Nairobi. Transkripti ikitoka chuoni moja kwa moja, imefungwa na ina mhuri, ni rahisi ukiwa unaweza kusimama dirishani kwa msajili. Kuifuatilia kwa simu kutoka ng'ambo ni miezi.

#25 Chura_Mweusi
Na aliyemaliza form six NECTA akaja kusoma digrii huko, atume cheti cha NECTA AADSAS?

#26 Mzee_wa_Transkripti
Hapana, AADSAS inahusika na masomo ya chuo tu. Kama chuo chake cha Marekani kilimpa krediti kwa A-level zake, zinaonekana kwenye transkripti ya chuo hicho. Mwenye mwaka mmoja UDSM au Makerere kabla ya kuhama ndiye anayehitaji tathmini ya ECE au WES, na hiyo iwe imekamilika kabla ya Mei.

#27 Bi_Kofia
Kabla uzi haujazama, barua. Nafasi ni nne. Vyuo vingi vinataka walimu wawili wa sayansi na daktari wa meno mmoja. Omba Februari, ana kwa ana, kabla mwalimu hajaondoka kwa kiangazi. Ombi linamfikia mwandishi kutoka barua pepe ya mfumo, siyo yako, na mara nyingi linaangukia kwenye takataka. Mwambie mwandishi siku hiyo hiyo alitafute. Daktari wa meno ndiye anayechelewa kuliko wote, si kwa ubaya, ila kliniki haiishi wagonjwa. Mpe maelezo mafupi ya siku ulizokaa naye na ulichokiona, atakuwa na cha kuandika.

Na orodha ya saa zako anza kuiandika sasa, tarehe kwa tarehe. Mwezi Mei hakuna anayekumbuka.

#28 Kidole_Kimoja
Bi Kofia, jina lako nalo ni ustadi wa mikono? 😅

#29 Bi_Kofia
Ucheke, lakini mwenye kushona kofia ya vito aiandike. Kamati zinapenda kuona vidole vinavyofanya kazi ndogo ndogo kwa muda mrefu: kusuka, kushona, kuchonga, gitaa. Andika na muda, "miaka minne, saa tatu kwa wiki". Usiandike "napenda sanaa".

#30 Kidole_Kimoja
Mimi nafunga ndoano za kuvulia. Inahesabika?

#31 Spana_Mkononi
Kwa kidole kimoja? Hiyo ni muujiza, iandike ya kwanza.

#32 Gego_Sita
Nimesoma yote, asanteni sana. Hii ndiyo rasimu: Februari barua. Machi DENTPIN na kiti cha Prometric, tarehe 18 Julai. Mei nasubiri alama zipandishwe, ndipo transkripti. Juni wiki ya kwanza natuma kwa chuo cha Minnesota peke yake. Katikati ya Agosti naongeza vingine 9. Alama zikiwa mbovu siongezi, nahamia njia (c).

#33 Usafi_Kinywani
Safi. Ila omba msaada wa ada sasa kabla hujatuma chochote. AADSAS wanao na DAT wanao, wa DAT ni nusu ya ada kwa wanaokaa mara ya kwanza, nafasi chache na anayewahi ndiye anapata. Ukishalipa hawarudishi.

#34 Padri_wa_Namba
Na "mbovu" ni ngapi? Andika namba leo, kabla hujaingia chumbani. Ukisubiri mpaka uione alama, kila alama itaonekana inatosha.

#35 Mzee_wa_Transkripti
Padri, mwache mtoto aombe. Mwenye 3.4 na DAT ya wastani vilevile huitwa usaili.

#36 Padri_wa_Namba
Wengine. Wengine wanaomba mara ya pili, na fomu inawauliza kama waliwahi kuomba.

#37 Gego_Sita
Nitaandika namba. Ile ya skeli mpya, Kidole usinisaidie.